Misa kwa Ajili ya Pontien

Jumapili, 5 Oktoba
Mvua ya kwanza ya maana. Ukuta wa chumba changu umeanza kutoka jasho upande wa kabati la vitabu. Wanafunzi wanaopanga vyumba vya mbele hapa Glenwood waliacha dirisha la jikoni wazi, na unga wangu umelowa. Nilipowaambia, walisema "Sorry, Gogo," huku wakicheka. Mimi si bibi yao.

Baada ya Misa nilizungumza kwa simu na Pontien, mdogo wangu, kama kila Jumapili. Mahakama imefuta matokeo ya kiti cha nne cha seneti cha jimbo letu huko nyumbani. Kura itapigwa upya tarehe 9 Desemba, na wapiga kura ni wabunge wa jimbo, ishirini na watano tu. Pontien ni mmoja wao. Wagombea waliobaki ni wawili: Baudouin, ambaye ni wa chama cha Pontien, na Madame Carmel, aliyekuwa hakimu. Kumi na watatu ni wa chama cha Baudouin, kumi na wawili wako na Carmel. Mke wa Pontien, Julienne, alikuwa akicheka nyuma yake kwa sauti ya kuita wateja. Sikuuliza anacheka nini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nilikwenda Overport kwa Blaise, fundi wa simu, kubadilisha kioo. Yeye na mwenzake Papy walikuwa wameinamia simu moja kama watu wanaopima homa ya mtoto.

"Mama Mwalimu, karibu. Ngoja kidogo, Baudouin iko anapanda."

Nilieleweshwa, bila kuomba. Kuna tovuti ya nje ambako watu hununua na kuuza utabiri. Mtu amefungua swali: nani atachukua kiti cha nne cha jimbo letu? Hisa moja ya Baudouin italipwa senti mia akishinda. Akishindwa, haina thamani. Leo inauzwa senti sitini na nane, na kwa hesabu ya Blaise hiyo ina maana kwamba dunia inampa Baudouin nafasi sitini na nane katika mia.

"Dunia gani?" niliuliza. "Nani duniani anamjua Baudouin?"

"Sisi, Mama. Wa hapa, wa Nairobi, wa Bruxelles. Tuko kama bantu mia mbili."

"Basi ni kamari ya watu mia mbili."

"Non, haiko kamari. Kwa kamari unabahatisha. Huku kila mutu anaweka kile anajua. Ile bei inakusanya akili ya sisi wote."

"Yangu haiko mingi," alisema Papy, "lakini na mimi nimeiweka."

Kisha Blaise, bila haya, aliniuliza Pontien atampigia nani kura. "Uko na mbunge ndani ya familia, Mama. Hiyo ni almasi."

Nilimjibu kwamba nilifundisha miaka thelathini na minne na sikuwahi kuuza swali hata moja la mtihani. Nililipa kioo nikaondoka. Kioo chenyewe kina povu kwenye kona.

Jumatatu, 13 Oktoba
Mvua. Sombe ya sokoni Warwick, yaani majani ya muhogo, imepanda bei na ina matope.

Jumapili, 19 Oktoba
Pontien alinipigia mwenyewe, akiwa nje ya nyumba. Nilisikia majogoo.

Hataki kumpigia kura Baudouin. Baudouin ndiye aliyeuza kiwanja cha shule ambako baba yetu alifundisha, na sasa pale pana hoteli yenye bwawa. Lakini chama kimetoa amri, na mbunge anayeasi hupoteza kiti chake, na wakati mwingine hupoteza zaidi ya kiti.

"Sijaamua, Dada. Nalala na hili, naamka nalo."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na Julienne. Basi."

Sikupenda kusikia jina la pili. Julienne ni mwanamke wa kuuza vitenge sokoni. Kazi yake ni kuzungumza na watu mia moja kwa siku, na kinywa chake hakina mlango. Nilimwambia Pontien aamue kama mtoto wa baba yake. Alisema, "Ndiyo, Dada," kama nilivyomfundisha alipokuwa na miaka sita.

Jumatano, 22 Oktoba
Nilikwenda ofisi ya parokia kuomba Misa ya Jumapili kwa ajili ya Pontien. Katibu ni Estella, Mrundi, binti mpole anayevaa sweta hata katika joto hili. Nilijaza karatasi kwa mkono wangu: *Kwa ajili ya ndugu yangu Pontien, mbunge, ambaye bado hajaamua, ili Mungu amsaidie kuchagua kwa haki bila kuwaogopa wakubwa wa chama chake.*

Estella aliisoma mara mbili.

"Mama, wengi wanaandikaga tu 'kwa nia ya mwenye kuomba.' Mungu anajua yaliyobaki."

"Mungu anajua pia mwombaji akiwa mvivu."

"Ni kwa sababu tunachapa kwenye karatasi ya matangazo, Mama. Na kwenye grupu ya WhatsApp."

"Basi chapa vizuri. Mwaka jana mliandika jina la marehemu mama yangu kwa makosa mawili."

Aliinamisha kichwa akaandika. Vijana wa siku hizi huona uzito katika kila kazi.

Jumapili, 26 Oktoba
Padri aliisoma nia yangu yote, taratibu, kwenye kipaza sauti. Nilipata utulivu ambao sikuwa nao juma zima.

Jumanne, 28 Oktoba
Nilirudi Overport kwa sababu ya lile povu. Bei ya Baudouin ilikuwa sabini na moja Jumapili asubuhi. Leo ni arobaini na nane. Blaise alinipa kiti, jambo ambalo hajawahi kufanya, akabadilisha kioo bila kudai senti. Nadhani hatimaye ameona aibu kwa kazi yake mbovu.

Jumapili, 2 Novemba
Ninaandika nikiwa na hasira, na mwandiko wangu unaonyesha hivyo.

Jana watu wanne wa chama walifika nyumbani kwa Pontien. Waliketi sebuleni, wakala, wakanywa, kisha mmoja akaweka simu mezani. Kwenye kioo kulikuwa na ile tovuti. Kumbe wakubwa wa chama nao huitazama, asubuhi na jioni, kama wakulima wanavyotazama mawingu. Walimwambia: "Jumapili asubuhi tulikuwa sabini na moja. Jumapili jioni arobaini na nane. Wa chama chetu tuko kumi na watatu, na kumi na wawili tumeshawauliza. Mheshimiwa, kuna mtu amesema jambo juu yako."

Hawakumgusa. Walimwagiza tu kwamba siku ya kura ataipiga picha karatasi yake kabla ya kuitumbukiza sandukuni, na ataituma kwao. Walipotoka waliwapapasa watoto vichwani.

"Niliwaambia watu wawili tu," alisema Pontien. Sauti yake ilikuwa kavu. "Dada, ulimwambia mtu?"

"Sikumwambia mtu yeyote."

"Najua. Nimeuliza kwa sababu lazima niulize."

Sikumtaja Julienne. Niliuliza tu kama bado anakwenda sokoni kila siku. Pontien akasema, "Kila siku."

Jumanne, 4 Novemba
Pontien amemrudisha Julienne kwa baba yake. Watoto wamebaki. Ni uamuzi mgumu lakini wa haki. Mvua tangu alfajiri.

Ijumaa, 7 Novemba
Kitabu changu cha sarufi kimeota ukungu kwenye jalada. Nimekifuta kwa siki.

Jumapili, 9 Novemba
Julienne alinipigia. Sikutaka kupokea, lakini simu iliita mara tano, na wanafunzi wa jirani wakaanza kugonga ukuta.

"Wifi, ni mimi. Usikate."

"Sema."

"Wifi, mimi sikusema. Naapa kwa watoto. Hata mama yangu sikumwambia. Bwana hanisikii, lakini wewe ukisema neno moja atakusikia. Wewe ndiye mama yake, kwa kweli."

"Unataka niseme nini ambacho sikijui?"

"Sema tu kwamba mtu asihukumiwe kwa bei ya kwenye simu. Ile ni namba, Wifi. Namba haina macho."

Nilikiri moyoni kwamba hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini nilimkumbuka miaka yote hii: kicheko chake matangani, ugomvi wake na mke wa katekista, siku aliyowasimulia watu wa basi zima habari za upasuaji wangu. Nikamwambia hivi, na ninaandika kama nilivyosema: "Julienne, miaka kumi na mitatu umekuwa ukisema kila kitu kwa kila mtu. Usishangae siku moja watu wakiamini kwamba umesema."

Hakulia. Nilitarajia alie.

"Lala salama, Wifi," alisema. Ilikuwa saa tisa mchana.

Jumatano, 12 Novemba
Bei ya Baudouin, hamsini na tano. Nimeipata kutoka kwa muuza samaki wakavu wa Warwick, mwanamke asiyejua kusoma. Ugonjwa umefika kila mahali.

Jumapili, 16 Novemba
Pontien anasema nikipiga simu mtoto wake mdogo haulizi tena hali yangu. Anauliza kama ni mama yake anayepiga. Nilimwambia atazoea.

Jumanne, 18 Novemba
Nitaandika yote.

Nilipita Overport kutoka kumfasiria mtu hati zake za ukimbizi. Mvua ilikuwa inapiga kutoka ubavuni, nikaingia kwa Blaise kujikinga. Papy aliruka kutoka kitini.

"Agence de presse imefika, shirika la habari! Mama Mwalimu, leo unatuletea dépêche gani, habari gani ya haraka?"

"Kaa kimya, Papy," alisema Blaise, lakini alikuwa akicheka.

"Dépêche gani?" niliuliza.

Walitazamana. Blaise alidhani ninajifanya. Alinisogezea kile kiti tena, akaweka mbele yangu mfuko wenye mchele wa kilo kumi na chupa mbili za mafuta.

"Tulikuwa tunataka kuleta kwako nyumbani, Mama. Haiko kitu kubwa. Ni merci, asante tu."

"Ya nini?"

"Mama. Ya ile Misa."

Alifungua simu akanionyesha picha ya karatasi ya matangazo ya parokia, ya tarehe 26 Oktoba. Maneno yangu yalikuwa yamezungushiwa duara jekundu: *ambaye bado hajaamua.* Chini ya picha Blaise alikuwa ameandikia kundi lao la watu tisa: *Dada yake mwenyewe. Uzeni Baudouin sasa.* Saa saba na dakika kumi. Kisha akanionyesha mchoro wa bei. Saa saba na robo mstari ulianguka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Watu tisa tu?"

"Soko iko kidogo, Mama. Watu tisa wakiuza pamoja, inaanguka. Wengine wakaona inaanguka, na wao wakauza."

"Mlimwonyesha nani mwingine picha hii?"

"Hakuna! Siri ni mali."

Nilimwuliza kama anajua kwamba mwanamke amefukuzwa nyumbani kwake kwa sababu ya mstari ule. Hakujua. Uso wake ulibadilika. Lazima niandike hivyo kwa sababu ni kweli. Lakini nilikuwa nimeshasimama, nikamwita mwizi, tena mwizi wa madhabahuni. Wateja wawili waligeuka.

"Mwizi?" alisema Blaise, naye akapandisha sauti. "Mama, mimi nimeiba nini? Sikufungua barua yako. Sikusikiliza simu yako. Padri amesoma na micro! Watu mia tatu walisikia. Wewe mwenyewe umeandika, umeona vizuri wakisoma. Mimi nimesikiliza Misa, basi. Wengine walikuwa wanalala."

"Eish," alisema Papy polepole.

Nilitoka bila mwavuli. Mchele uliachwa mezani.

Niliwahi kudhani kwamba bei ile ilijua jambo. Ilinijua mimi tu.

Jumatano, 19 Novemba
Homa kidogo kwa sababu ya kulowa. Sikumpigia Pontien. Mtu mwenye homa haelezi mambo vizuri.

Ijumaa, 21 Novemba
Nilikwenda parokiani. Nilimwambia Estella alipaswa kunizuia. Aliondoa mikono kwenye mashine ya kuandikia.

"Mama, nilikuambia."

"Hukuniambia kwa nguvu."

"Wewe hauambiwagi kwa nguvu, Mama. Wewe ndiye unaambiaga."

Miezi sita nimemwona binti huyu kila juma na sikujua kwamba ana ulimi.

Jumapili, 23 Novemba
Nilizungumza na Pontien dakika nane. Hali ya hewa, watoto, bei ya saruji. Sikusema. Yuko chini ya macho ya wale watu wanne. Si wakati wa kumwongezea mzigo. Nikisema sasa, atavurugika, na kura ni baada ya wiki mbili. Sababu hizi zote ni nzuri.

Jumanne, 25 Novemba
Mvua.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua. Dakika sita. Sikusema.

Alhamisi, 4 Desemba
Blaise alinikuta kwenye foleni ya teksi Warwick. Nilimgeuzia mgongo, lakini alizunguka akasimama mbele yangu, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Mama, yule mama aliyefukuzwa. Amesharudi?"

"Hayakuhusu."

"Tangu siku ile ulipokuja, sijauza, sijanunua. Nimeacha hisa zangu za Carmel pale pale. Kama unataka, mimi naweza kumpigia ndugu yako. Nitasema ni mimi. Picha ninayo."

Nilimwambia kwamba ndugu yangu hahitaji kuelezwa mambo ya nyumba yake na fundi wa simu. Aliniangalia kwa namna ambayo wanafunzi wangu hawakuthubutu.

"Donc, kumbe na wewe haujamwambia," alisema.

Teksi ilikuja. Nilipanda, ingawa haikuwa ya Glenwood.

Jumanne, 9 Desemba
Baudouin kumi na tatu, Carmel kumi na mbili.

Pontien aliipiga picha karatasi yake, akaituma. Anasema mwanga kibandani ulikuwa hafifu, ikabidi aipige mara mbili. Aliponieleza hili alicheka, na sijawahi kusikia kicheko chake kikiwa hivyo. Bei ya Baudouin imefika mia. Blaise amepoteza alichoweka. Nilidhani habari hiyo ingenifurahisha.

Jumapili, 14 Desemba
Joto kali, hakuna mvua. Leo sababu zangu zote nzuri zimekwisha. Kura imepita, hakuna aliyefukuzwa chamani, na nilimwuliza Pontien kama sasa Julienne atarudi kwa ajili ya Noeli.

"Abaki kwao. Nimemkosea baba yetu kwa sababu ya kinywa cha Julienne. Kama watu wale wasingejua, ningempigia Carmel, Dada. Nilikuwa nimeshaamua. Niliamua Jumapili ile ile bei ilipoanguka."

Nikasema, "Pontien, nisikilize mpaka mwisho. Aliyetoa siri yako ni mimi."

Nilimweleza kwa utaratibu: tarehe, karatasi, maneno yalivyokuwa, Estella alivyonionya, kipaza sauti, picha yenye duara jekundu. Nilimweleza pia kuhusu tarehe 2 Novemba, kwamba niliuliza habari za sokoni nikijua vizuri swali lile lingempeleka wapi. Sikuacha kitu. Mwisho nilisikia watoto wakigombania kitu upande wake, na yeye hakuwakanya.

"Dada, unamkingia Julienne," alisema hatimaye. "Umemhurumia kwa sababu ya Noeli."

"Simkingii."

"Dada."

"Nimewahi kumkingia lini?"

Nilisikia akifunga mlango.

"Miaka kumi na mitatu," alisema, "hujamsemea neno moja jema. Hata siku ya arusi yetu."

"Hata siku ile."

"Basi ni kweli. Ungekuwa mtu wa kumhurumia, nisingekuamini."

Akakata simu.

Jumatatu, 15 Desemba
Pontien alikwenda kumchukua alfajiri. Najua kwa sababu saa nne usiku simu iliita na alikuwa Julienne, akinong'ona, kwa kuwa watoto walikuwa wamelala pande zake zote mbili na hawataki kumwachia mikono. Hakunisalimu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe 18 Novemba."

"Mpaka jana."

"Siku ishirini na sita."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na sababu kadhaa tayari. Nilimpa ile moja ya kweli. "Niliona aibu."

Mtoto mmoja alisema kitu usingizini, naye akamtuliza kwa kugonga ulimi, kama anavyotulizwa kuku.

"Nimelala kwa baba siku arobaini," alisema. "Ishirini na sita unazijua ni zako. Zile kumi na nne za mwanzo, ulipokuwa hujui kitu, niziandike kwa jina la nani? La simu?"

Nilifikiri juu ya swali langu kwa Pontien, kama Julienne bado anakwenda sokoni, na jinsi nilivyoliuliza kwa upole.

"Ziandike zangu pia," nilisema.